Je, wajua kwa nini kubadilisha namba ya toleo hakutoshi kupandisha programu ya bakapu kwenye klasta?

Swali lenyewe ni dogo. Klasta ya Kubernetes, yaani kundi la seva linaloendesha programu kwa pamoja, ina programu ya bakapu (nakala za akiba), tuseme Velero toleo la 1.10, na umeagizwa uipandishe ifike 1.11. Unafungua maelezo ya podi yake, kile kifurushi ambamo programu huendeshwa, unafuta 10, unaandika 11, unahifadhi. Podi ya zamani inazimika, mpya inawaka, neno Running linajitokeza kwenye skrini. Umemaliza?

Wengi watasema ndiyo, na wana sababu nzuri ya kusema hivyo. Programu nyingi za kwenye kontena huishi maisha hayo hayo: imeji, yaani kifurushi cha programu kinachopakuliwa, ikibadilika, programu imebadilika. Tovuti ya shule pale Uyole au mfumo wa kuandikisha wagonjwa kwenye zahanati ya Tukuyu hupandishwa kwa mtindo huo bila mtu kupoteza usingizi, alimradi hifadhidata yake haikuguswa. Fundi aliyefanya hivyo mara nyingi hana sababu ya kudhani kwamba Velero ni kiumbe tofauti. Inakaa kwenye podi kama wenzake, ina imeji kama wenzake, ina namba kama wenzake.

Ila podi ile siyo Velero nzima. Ni kipande chake kimoja, na pengine si kile muhimu kuliko vyote.

Historia yake haihitaji maneno mengi. Ilitoka mwaka 2017 ikiitwa Ark, kutoka kampuni ya Heptio iliyoanzishwa na Joe Beda na Craig McLuckie, wawili kati ya watu walioianzisha Kubernetes ndani ya Google. VMware ilitangaza kuinunua Heptio mwishoni mwa 2018, na mwaka uliofuata Ark ikawa Velero.

Tuseme sasa kuna chama cha akiba na mikopo mjini Mbeya chenye seva tatu chumbani na baketi ya kuhifadhia data iliyokodiwa nje ya mkoa. Velero ya chama hicho imesambaa. Kuna amri ya `velero` kwenye kompyuta ya fundi. Kuna podi ya seva. Kuna podi za wakala, moja kwenye kila nodi (kila seva ya klasta), zinazosoma mafaili ya volyumu, yaani diski za data za programu. Kuna plagini zinazojua kuzungumza na baketi, kila moja na imeji yake na namba yake ya toleo, ambayo lazima ioane na ya seva. Kuna bakapu zenyewe ndani ya baketi, zilizoandikwa na matoleo yaliyopita. Na kuna kitu kinachoitwa CRD, ambacho hakimo ndani ya podi yoyote kati ya hizo. Kinakaa ndani ya Kubernetes yenyewe.

CRD ni maelezo ya aina mpya ya kitu. Kubernetes haizaliwi ikijua bakapu ni nini. Velero inaposakinishwa huifundisha: kuanzia leo kuna kitu kinaitwa Backup, kina vipengele hivi na hivi, na kingine kinaitwa Restore, kingine Schedule. Fundi akiagiza bakapu, amri yake haiongei na podi ya Velero moja kwa moja. Huandika kitu cha aina ya Backup kwenye seva ya API, lango la Kubernetes linalopokea maagizo, kikahifadhiwa kwenye etcd, hifadhidata yake, ndipo podi ya Velero ikakisoma kutoka huko na kuanza kazi. Kila agizo hupitia kwa mtu wa tatu, na hapo ndipo mambo yanapokuwa ya ajabu.

Fikiria ofisi ya chama cha msingi cha kahawa huko Mbozi wakati wa mavuno. Mkulima analeta magunia, karani wa mizani anaandika kwenye karatasi jina, kilo na daraja. Karatasi haibaki kwake. Inapelekwa dirishani kwa mtunza leja, anayenakili kila kitu kwenye leja kubwa yenye safu zilizochapwa kiwandani: jina, kilo, daraja. Akimaliza anagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, karatasi inachanwa. Tangu hapo kila mtu husoma leja, hata karani aliyeandika karatasi.

Msimu mpya analetwa karani mpya aliyefunzwa kupima unyevu. Anaandika jina, kilo, daraja, na unyevu asilimia 11. Mtunza leja anatafuta safu ya unyevu, hana. Ananakili vitatu anavyovijua, anagonga muhuri, anachana karatasi. Hakuna aliyegombana na mtu. Wiki ijayo mwenye kukoboa anauliza unyevu ulikuwa kiasi gani. Karani anafungua leja, anakuta hakuna unyevu, na anajibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba haukupimwa. Aliyeupima ni yeye.

Karani ni Velero mpya na amri yake, mtunza leja ni seva ya API, leja ni etcd, na zile safu zilizochapwa ndizo CRD. Ukibadilisha imeji peke yake umeleta karani mpya na kuiacha leja ya zamani. Kipengele asichokijua mtunza leja hutupwa kabla ya kuhifadhiwa. Podi mpya inayokielewa vizuri kipengele hicho inaposoma agizo, inakikuta kitupu, na kwa kuwa kuwa kitupu ni halali, inaendelea na kazi kana kwamba hakuna aliyeagiza chochote.

Mfano halisi upo. Toleo la 1.11, la mwaka 2023, lilileta kipengele cha sera ya volyumu: unaweza kuagiza volyumu za NFS (zinazosomwa kupitia mtandao), au zinazozidi ukubwa fulani, zirukwe. Chukua chama chetu cha Mbeya kimeweka sera hiyo ili video za kamera za ulinzi zisipandishwe kwenye baketi kila usiku. CRD zikiwa bado za 1.10, sera inatupwa. Bakapu inaanza saa nane usiku, inabeba na zile video, na saa tatu asubuhi wakati tawi linafungua dirisha bado intaneti imejaa. Mwishoni hali inasomeka Completed. Na kweli imekamilika, ila ni kazi nyingine kabisa.

Upande wa kurejesha ni mbaya zaidi. Tangu 1.9 unaweza kuagiza kwamba vitu vilivyopo tayari kwenye klasta visasishwe kwa yaliyomo kwenye bakapu. Bila agizo hilo, kawaida ya Velero ni kuviruka vilivyopo. Kipengele hicho kikitupwa njiani, unarejesha, huoni kosa la kukuzuia, na usanidi ulioharibika unabaki pale pale ulipokuwa.

Waliojifunza Kubernetes zamani wana haki ya kushangaa, kwa sababu zamani leja iliruhusu kuandika pembeni. CRD za mtindo wa v1beta1 zilihifadhi hata vipengele visivyotambulika. Mtindo wa v1 uliokamilika na Kubernetes 1.16 mwaka 2019 ndio unaopogoa, yaani kuvitupa visivyotambulika, na ule wa kale uliondolewa kabisa kwenye 1.22 mwaka 2021.

Isidhaniwe kwamba kila upandishaji una mtego huu. Matoleo mengi ya marekebisho madogo hayagusi CRD hata kidogo. Pia kuna kasoro inayopiga kelele, na hiyo ni bahati. Toleo la 1.12 liliongeza aina mpya kabisa za vitu, DataUpload na DataDownload, na seva ya Velero inapowaka hukagua kama aina zote inazozihitaji zipo. Zisipokuwepo, inagoma kuwaka na kukuambia utumie CRD mpya. Inayokosekana aina nzima utaijua ndani ya dakika moja. Kinachokosekana kipengele kimoja ndani ya aina iliyopo, huenda usikijue mpaka siku ya msiba. Kubernetes za karibuni zimepunguza giza kidogo: amri ya `kubectl` siku hizi hukataa kipengele kisichotambulika, na programu nyingine zinazoandika kwenye API hupewa onyo. Lakini onyo si katazo, na logi za usiku hazina wasomaji wengi.

Kwa hiyo mwongozo rasmi wa Velero unataka CRD zisasishwe kabla ya imeji. Amri ya toleo jipya huzichapisha zenyewe, kwa `velero install --crds-only --dry-run -o yaml`, kisha unazipitisha kwenye `kubectl apply`. Wanaotumia Helm, kisakinishi cha programu za Kubernetes, wajue kwamba Helm 3 husakinisha CRD zilizo kwenye folda yake ya `crds` mara ya kwanza tu, haizipandishi tena. Chati ya Velero, yaani kifurushi chake cha Helm, inaziba pengo hilo kwa kazi ndogo inayotangulia upandishaji. Kama kuna mtu aliizima, au imeji yake ikashindwa kushuka kwa sababu ya mtandao, mnarudi kwa karani na leja ya zamani.

Baada ya kusikia haya, kuna fundi atakayesema afadhali afute kila kitu na kusakinisha upya. Anafuta, CRD zinaondoka pamoja na kila Backup na kila Schedule. Anasakinisha toleo jipya, analielekeza kwenye baketi ile ile, na baada ya dakika moja hivi bakapu zote zinarudi kwenye orodha zenyewe. Ni jambo la kupendeza kulitazama. Velero husoma baketi mara kwa mara na kuumba upya Backup kutokana na ilichokikuta. Ratiba, hata hivyo, haziandikwi kwenye baketi kwa njia hiyo, hivyo hazirudi. Orodha imejaa, kila kitu ni cha kijani, na hakuna bakapu mpya itakayochukuliwa usiku huo wala unaofuata. Na kwa kuwa muda wa kawaida wa kuishi wa bakapu ni saa 720, yaani siku 30, orodha ile itaanza kupungua yenyewe.

Bado kuna bakapu zenyewe. Mafaili ya volyumu yalikuwa yakichukuliwa kwa restic, programu ya kunakili mafaili. Toleo la 1.10 la mwaka 2022 likaleta Kopia, nyingine ya aina hiyo, kando yake, na wakala wa nodi aliyeitwa restic akabadilishwa jina kuwa node-agent, pamoja na amri inayomwasha. Aliyebadilisha namba tu alibaki na podi za wakala zinazoanguka na kuwaka. Kwenye 1.12 Kopia ikawa chaguo la kawaida. Hapa dhana inayopotosha ni kwamba kuhamia Kopia kunazibadilisha bakapu za zamani. Hakuzigusi. Zinabaki kwa mpangilio wa restic na husomwa kwa restic. Bakapu ya kwanza ya Kopia haina ya kuitangulia, kwa hiyo inapandisha volyumu nzima, na kwa takribani mwezi mmoja baketi inalipiwa data ile ile kwa mipangilio miwili. Kwa aliye Makete au Ludewa na laini ya kubana, usiku huo wa kwanza unastahili kupangwa Ijumaa.

Na restic inaondoka. Kuanzia 1.15 Velero ilianza kuonya. Kwenye 1.17 na 1.18 haiwezekani tena kuchukua bakapu mpya kwa restic, ila kurejesha za zamani kunaruhusiwa. Mpango uliotangazwa ni kwamba 1.19 na kuendelea hazitarejesha kabisa. Kwa bakapu za siku 30 hilo si tatizo, zitakuwa zimekwisha zenyewe. Tatizo ni ile ya mwisho wa mwaka ambayo mhasibu aliomba iwekewe muda wa miaka kadhaa ili wakaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, wakija na swali la mwaka wa nyuma, leja ya mikopo ipatikane kama ilivyokuwa.

Hiyo haihitaji kuzuia klasta nzima isipande. Inatosha klasta ndogo ya pembeni, hata ya nodi moja, yenye Velero isiyozidi 1.18, ielekezwe kwenye baketi ile ile kwa hali ya kusoma tu ili isifute wala kuandika kitu. Kama nenosiri la hazina ya bakapu liliwahi kubadilishwa kutoka lile la kawaida, siri inayoitwa `velero-repo-credentials` inapaswa kunakiliwa huko kabla ya kujaribu kurejesha bakapu ya kwanza, maana bila nenosiri hilo restic haifungui chochote.