George Washington Carver na udongo uliochoka wa Alabama

Kila tunapojiandaa kwa Siku ya Udongo Duniani, tarehe 5 Desemba, picha ya George Washington Carver, mwanasayansi Mweusi wa kilimo wa Marekani, huanza kuzunguka kwenye simu za watu. Chini yake huandikwa kwamba huyu ndiye aliyevumbua siagi ya karanga. Safari hii wakulima watatu waliotuletea sampuli za udongo maabara wameniuliza swali lilelile: kama Carver aliponya ardhi ya Alabama kwa karanga tu, kwa nini ninyi mnatuhangaisha na kupima udongo? Wameuliza kwa nia njema, nami nitajibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu picha ile imeacha mengi.

Carver alizaliwa mtumwa karibu na Diamond, jimbo la Missouri, mwaka 1864 au karibu na hapo. Tarehe hakuijua hadi anakufa. Mtoto wa mtumwa hakuandikiwa siku ya kuzaliwa. Mama yake, Mary, alikuwa mali ya Moses Carver. George angali mchanga, wavamizi wa usiku waliwateka yeye na mama yake, wakawapeleka Arkansas. Mtu aliyetumwa kuwatafuta alirudi na mtoto peke yake, hoi kwa kifaduro, akalipwa farasi. Mary hakuonekana tena.

Kwa kuwa alikuwa dhaifu, hakupelekwa kazi nzito. Alibaki karibu na nyumba, akajifunza kupika, kushona na kutunza mimea, mpaka majirani wakawa wanamletea maua na miche yao inayonyauka. Shule aliifuata kwa miguu, mji hadi mji. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kisha kikamkataa kilipomwona kuwa ni Mweusi. Hatimaye, mwaka 1891, aliingia chuo cha kilimo cha Iowa kule Ames, akiwa mwanafunzi wa kwanza Mweusi pale, akapata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya uzamili mwaka 1896. Mwaka huohuo Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha watu Weusi cha Tuskegee, Alabama, alimwita akafundishe huko.

Hapa ndipo naomba tukae kidogo.

Ardhi aliyoikuta Alabama ilikuwa imelimwa pamba juu ya pamba, miaka kwa miaka. Wakulima wengi walikuwa watumwa wa zamani au watoto wao, wakilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, mbegu na chakula wakikopa dukani kwa dhamana ya pamba ambayo haijavunwa. Mwenye duka alitaka pamba, basi pamba ikapandwa hadi mlangoni. Udongo ukachoka, na mvua ikachonga makorongo. Kituo cha majaribio cha Tuskegee kilianzishwa mwaka 1897 kwa dola 1,500 kwa mwaka kutoka jimboni. Vifaa vya maabara havikuwepo. Carver na wanafunzi wake waliokota chupa, mitungi na mabati jalalani, wakavigeuza vyombo vya kupimia. Katika maabara hiyo alichunguza udongo na maji ya visima ambavyo wakulima walimletea. Kwa hiyo anayesema Carver hakupima, amesikia hadithi nusu.

Mbolea ya dukani wakulima wale hawakuwa na uwezo nayo. Akawaelekeza kwenye majani ya msituni, tope la mabwawa na samadi, virundikwe pamoja mpaka viwe mboji. Kijarida chake cha sita kwa wakulima, cha mwaka 1905, kinahusu namna ya kuujenga upya udongo uliochoka. Zao alilolipigania mapema lilikuwa kunde, na kunde ni zao la Afrika, lililovuka bahari pamoja na watu waliouzwa. Karanga asili yake ni Amerika Kusini, lakini hata jina ambalo watu wa kusini mwa Marekani waliipa, "goober", limetokana na "nguba" ya Kikongo na lugha jirani. Sisi wasemaji wa lugha za Kibantu tunalisikia bila kutafsiriwa.

Wasiosoma vijarida walifuatwa, kila mmoja alipo. Mwaka 1906 Tuskegee walitengeneza gari la kukokotwa na wanyama, kwa fedha za Morris Jesup, tajiri wa New York. Lilibeba majembe ya kisasa, mbegu na vyombo vya maziwa, likasimama mashambani na mafunzo yakafanyika palepale. Thomas Campbell, aliyeliendesha, akawa afisa ugani wa kwanza Mweusi wa serikali ya Marekani. Kila nikimwona afisa ugani na pikipiki yake kwenye barabara ya vumbi, nalikumbuka gari lile. Kwangu hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya.

Kisha fukusi wa vitumba vya pamba, mdudu anayeharibu pamba, akatoka Meksiko, akapita Texas, na mwaka 1910 akaingia Alabama. Wakulima ambao hawakutaka kusikia habari ya kubadilisha mazao walianza kusikiliza. Mwaka 1916 Carver alitoa kijarida cha kulima karanga chenye njia 105 za kuiandaa kwa chakula. Mji wa Enterprise, hukohuko Alabama, ulipata nafuu kubwa kwa karanga, hata mwaka 1919 ukamjengea yule fukusi mnara. Si haki kusema Carver peke yake ndiye aliyeleta mageuzi hayo: mdudu alisukuma, benki zikakopesha, viwanda vya mafuta vikanunua.

Sasa siagi. Narudia kila mwaka, na nitarudia tena: Carver hakuvumbua siagi ya karanga. Mwaka 1884, Carver akiwa bado anatafuta shule, Marcellus Gilmore Edson wa Montreal, Kanada, alikwisha kupewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya kusaga karanga zilizokaangwa. Zile bidhaa 300 za karanga anazotajwa kuzibuni, nyingi ni mapishi na majaribio ya maabara, na chache sana zilifika sokoni. Hataza za Carver ni tatu, za mwaka 1925 hadi 1927. Moja ni ya vipodozi vya karanga. Mbili ni za rangi alizozitengeneza kwa udongo wa mfinyanzi. Tafadhali msitume tena picha ile bila kuisahihisha.

Alikufa Tuskegee tarehe 5 Januari 1943, akiba yake akiwa ameiachia taasisi ya utafiti aliyoianzisha hapo.

Kuhusu sampuli, kwa kuwa msimu umekaribia. Usichote udongo sehemu moja. Pita shambani kwa mwendo wa kupinda, uchote sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, ukiruka kichuguu, njia ya ng'ombe, chini ya mti na palipokuwa na rundo la samadi. Changanya vyote kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo, anika kivulini, kamwe si juani wala jikoni. Andika jina, kijiji, zao lililopita na tarehe kwa penseli, kwa sababu wino hufutika. Sampuli iliyoletwa ndani ya mfuko wa mbolea hatuipokei, hata kama umetoka mbali nayo.

Na anayeuziwa mbolea isiyo na lebo atoe taarifa. Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 hairuhusu kuuza bila leseni wala kuuza mbolea isiyosajiliwa na TFRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania. Ni kosa la jinai, na hatuna mamlaka ya kulisamehe kwa sababu muuzaji ni jirani yako. Majibu ya maabara ni ushauri kwa shamba lililopimwa tu. Usimpe mwenzako karatasi yako akanunulie mbolea.

Kwa wale watatu walioniuliza: karanga zinarudisha naitrojeni, kirutubisho cha mimea, ndiyo, lakini bakteria wanaofanya kazi hiyo wamo kwenye vinundu vya mizizi, na sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo hupanda kwenye majani. Ukiung'oa mche wote, ukachambua karanga nyumbani na majani ukawapa mbuzi, shamba limebaki na kidogo sana. Vuna, chambua palepale shambani, na majani yarudishwe yafukiwe kabla hayajakauka. Mkihofia mbuzi watalala njaa, basi samadi yao ndiyo irudi shambani.