Kinu cha maji hakikuchorwa kikiwa cha kahawia

"Uache hivyo hivyo, weusi huo ndio mtindo wa sanaa wa Romantiki wenyewe." Wenye michoro ya vinu vya maji ya karne ya 19 husema hivyo huku anga la mchoro limekuwa kama chai ya rangi.

Sivyo. Kilichobadilika ni vanishi. Utomvu wa mastiki au damari hupakwa ukiwa mwangavu, kisha miaka inavyopita hewa na mwanga huugeuza manjano, halafu kahawia. Bluu ya anga huonekana kijani, na povu la maji chini ya gurudumu hupotea kabisa. Tena dhana hii ni ya zamani: inasimuliwa kwamba Sir George Beaumont, mfadhili wa wasanii Uingereza, alitaka mandhari yawe na rangi ya fidla kuukuu, ndipo mchoraji Mwingereza John Constable akailaza fidla kwenye majani mabichi ili tofauti ionekane. Constable ndiye aliyechora Flatford Mill (1816–17), kinu cha baba yake, na baadaye akawa akinyunyiza vidoa vyeupe hadi watu wakaviita theluji yake. Vanishi ya manjano huiyeyusha theluji hiyo yote.

Kagua hivi: zima taa, mulika kwa taa ya urujuanimno. Vanishi kuukuu ya utomvu hung'aa kijani hafifu. Marekebisho ya baadaye huonekana kama madoa meusi. Kisha fundi hujaribu kuondoa vanishi kwa kiyeyushi, milimita chache pembeni, kwenye eneo linalofunikwa na fremu, akiviringisha pamba kijitini bila kusugua. Pamba ikichukua rangi, anaacha papo hapo. Vivuli vilivyochorwa kwa rangi yenye lami hujaribiwa peke yake, kwani lami haikauki sawasawa, hupasuka kama tope la kiangazi na huyeyuka upesi.

Kusafisha mchoro kwa kiazi, kitunguu, mkate? Tafadhali, hapana! Maji hupenya nyufa, gundi iliyo chini ya rangi huvimba, turubai hujikunja na rangi hubanduka. Wanga unaobaki hualika ukungu na wadudu.

Kuulisha mchoro mafuta ya kitani pia ni kosa: mafuta huwa meusi, hukakamaa, na kuyatoa baadaye ni kazi ngumu mno.

Na sahihi ya Constable haithibitishi kitu. Sahihi huongezwa, na hata kazi za mwanawe Lionel zilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa za baba.