Taharuki bila bastola: chemsha bongo iliyochakachuliwa

Wanaojifunza kuandika miswada kwangu hupenda kuanza na maiti ukurasa wa kwanza. Mimi huwawekea Quiz Show, filamu ya Robert Redford ya mwaka 1994. Humo hakuna anayeuawa wala anayekimbizwa, na bado watu hukaa wamekunja ngumi.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1956 kituo cha NBC cha Marekani kilianza kurusha Twenty-One, chemsha bongo ya washiriki wawili, kila mmoja kafungiwa kwenye kibanda kisichopitisha sauti. Bingwa alikuwa Herbert Stempel, mkazi wa Queens, New York, na majibu alikuwa akipewa mapema. Mtayarishaji Dan Enright alimpangia kila kitu: nywele, suti isiyomkaa vizuri, hata namna ya kujifuta jasho, kwamba aguseguse paji la uso tu, asisugue. Kiyoyozi cha kibandani kilizimwa. Yaani majibu ya kupewa, jasho la kwake mwenyewe! Kwa mwandishi, kitu kama hicho ni dhahabu.

Stempel alipoanza kuchuja, akaletwa Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, mtanashati, mtoto wa mshairi maarufu. Desemba 5, 1956 Stempel akatakiwa akosee swali jepesi: filamu ipi ilipata Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955? Ni Marty, filamu aliyoipenda sana. Akajibu On the Waterfront.

Tazama Redford anavyolivuta tukio hilo. Jibu tunalijua, tunajua naye analijua, na tunajua kaagizwa nini. Kilichobaki ni uso wa John Turturro, anayemwigiza Stempel, ndani ya kibanda: atatii, au atawaumbua wote hewani? Siri ukimficha mtazamaji, utamshtua mara moja basi. Ukimshirikisha, hatulii mpaka mwisho.

Jambo ambalo wengi hulipita ni kwamba wakati ule kupanga matokeo ya chemsha bongo hakukuwa kosa la jinai. Sheria ya kukataza ilikuja mwaka 1960. Kilichowaponza ni kiapo: mashahidi walisimama mbele ya jopo la mahakama New York wakadanganya, mmoja baada ya mwingine, Van Doren akiwemo. Alikuja kusema ukweli mbele ya kamati ndogo ya Bunge Novemba 2, 1959, na mwaka 1962 akakiri mahakamani kwamba alitoa ushahidi wa uongo. Hakufungwa. Kwa hiyo ukiandika kisa cha namna hii, usihangaike kuifanya siri iwe kubwa. Mpe mhusika nafasi ya kusema kweli mapema, aikatae, kisha mpandishie bei.

Nina ugomvi mmoja na filamu hii. Imemfanya Richard Goodwin, mchunguzi wa Bunge, aonekane ndiye aliyefukua kila kitu, ilhali mwendesha mashtaka Joseph Stone wa New York alikwisha lishika jalada tangu 1958. Naelewa, wawindaji wawili wangegawana taharuki. Ila mwisho wake ni mchungu kama ulivyokuwa kweli: Van Doren alipoteza kazi Columbia na NBC pia. Enright na mtangazaji wake, Jack Barry, walirudi kwenye televisheni miaka ya 1970, na chemsha bongo nyingine.