Musa hakuweka mahari ya shekeli 50

Kila mazungumzo ya posa yakipamba moto, hatakosekana wa kufungua Kumbukumbu la Torati 22:29 na kutangaza kwamba kiwango cha mahari kimo humo: shekeli 50 za fedha. Tafadhali, anzeni aya ya 28. Inamhusu mwanamume aliyemkamata binti asiyeposwa, akalala naye, wakafumaniwa. Hayo ni malipo ya kosa, ndiyo maana yamefungwa pamoja na amri ya pili: hawezi kumwacha maisha yake yote. Kutoka 22:16-17 ndiko mahari inakotajwa. Aliyemshawishi mwanamwali analipa hata baba akikataa kumwoza, ila kiasi hakisemwi.

Shekeli ya Yuda ilikuwa gramu 11 na ushei. Hamsini ni zaidi ya nusu kilo ya fedha. Mtumwa aliyeuawa na ng'ombe alifidiwa kwa 30. Mkulima wa vilima vya Efraimu angezitoa wapi 50 kwa kila mwana? Yakobo alilipa kwa kuchunga miaka 7, akaongeza 7. Daudi alidaiwa govi 100 za Wafilisti.

Mahari ikishapokelewa, binti alihesabiwa mke wa mtu hata kabla hajahama kwa baba yake. Harusi yenyewe ilikuwa ya siku 7. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni hili la kusema kwamba kwa mahari mke alikuwa "amenunuliwa". Katika Mwanzo 31:15 Raheli na Lea, wake za Yakobo, wanamshutumu baba yao Labani kwamba amewauza na kula fedha zao. Mimi naona shutuma hiyo ina uzito kwa sababu mabinti walitarajia sehemu ya mali hiyo iwafikie. Wapo wanaoisoma kinyume, kama ushahidi kwamba kuuza kulikuwepo, na kwa Mwanzo peke yake siwezi kuwashinda.

Kwa hiyo, kuona kama mahari ilimfikia binti, natazama Elephantine, kisiwa cha Nile kusini mwa Misri, walikoishi askari Wayahudi karne ya 5 KK chini ya Waajemi. Ni mbali na Hebroni ya kina Yakobo, na ni zama nyingine kabisa. Mikataba yao haituelezi Yakobo alikubaliana nini na mjomba wake. Lakini ni mikataba halisi ya ndoa, kwa Kiaramu, juu ya mafunjo. Eshori alimpa Mahseya shekeli 5 kwa ajili ya binti yake Mibtahia. Kisha shekeli hizo zinaingizwa katika hesabu moja na nguo, vyombo vya shaba na fedha alizokuja nazo bibi arusi. Mke akisimama mbele ya kusanyiko na kusema amemchukia mumewe, anampimia shekeli 7 na nusu, anachukua kila alichokuja nacho na kwenda apendako. Mume akisema hivyo, mahari aliyotoa imempotea, na mke anaondoka na vyake vyote.