Mgrevilea shambani: hasara haipo pale inapotafutwa

Katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, mgrevilea, mti wenye asili ya Australia ulioletwa kuwa kivuli cha kahawa, umezoeleka kati ya migomba na mahindi, lakini wakulima wengi bado hukosea wanapohesabu faida yake.

Dhana potofu: mti wa mbao humnyang'anya mkulima mahindi yake.

Ukweli: ushindani wa maji na mwanga upo, hasa penye ukame, na anayeukana anamdanganya mkulima. Hata hivyo, unapunguzika. Ekari moja yenye umbo la mraba ina mzunguko wa takriban mita 254, hivyo miche ikioteshwa mpakani kila baada ya mita 3 hupatikana miti zaidi ya 80, huku katikati pakibaki pa mazao. Mgrevilea hustahimili kupogolewa, na matawi yake ni kuni ambazo vinginevyo zingenunuliwa. (Jirani aarifiwe mapema, kwa kuwa sehemu ya kivuli itamwangukia yeye.)

Dhana potofu: fedha huja siku ya kupasua mbao tu.

Ukweli: palizi ya mahindi ndiyo palizi ya miche, hivyo gharama yake huokolewa tangu mwanzo, na miti inayopunguzwa mapema huuzwa kuwa nguzo.

Dhana potofu, nayo ndiyo inayoniumiza zaidi: mti ni mti, uuzwe leo au baadaye ni mamoja.

Nimemwona mnunuzi akilikumbatia shina, akatazama juu mara moja, kisha akataja bei. Mama mwenye shamba, aliyekuwa akidaiwa ada ya mtoto, akakubali papo hapo. Ukweli ni kwamba ujazo wa gogo hufuata mraba wa kipenyo: kwa urefu uleule, gogo la sentimita 30 lina ujazo mara 2.25 ya lile la sentimita 20, na katika lile jembamba sehemu kubwa zaidi huishia kuwa mabanzi. Ni kweli kwamba shilingi ya leo ina uzito kuliko ya miaka mitano ijayo, na mwenye dhiki ana haki ya kuuza; ila na aanze na miti iliyopinda, aiache iliyonyooka inenepe, na apime kabla ya kutajiwa bei. Mzunguko wa shina kwenye usawa wa kifua, ukigawanywa kwa 3.14, humpa kipenyo: sentimita 94 za mzunguko ni takriban sentimita 30 za kipenyo, na utepe wa fundi cherehani unatosha kwa kazi hiyo.