Kushuka sio mteremko

Jumamosi iliyopita tulitoka mtaa wa Milimani hapa Nakuru asubuhi, tukapenya msitu wa Menengai hadi juu kabisa pale kwenye kibao cha mishale ya miji ya dunia, mita 2,278, watu tisa, jasho hadi kwa soksi. Nafungua chupa ninywe maji, nageuka hivi, naona wanne wako kwa simu wanaita boda. Nauliza, mnaenda wapi? "Si tumemaliza? Kushuka sio mazoezi." Na mmoja wao ni shemeji yangu, ambaye nimemwambia hii kitu tangu Januari!

Kwa hivyo naandika, ili mtu akiniambia hivyo tena nimtumie hii tu nisibishane.

Nimeongoza watu milimani miaka kumi na kitu, na wale nimewahi kuwashika mkono kuwatoa huko, karibu wote waliharibikiwa wakishuka. Wakati wa kupanda mtu akichoka anasimama, anapumua, anakula ndizi, akishindwa kabisa anarudi. Ukichoka ukishuka utarudi wapi? Nyumbani ni huko chini. Nafikiri Kiswahili chenyewe kimetuponza, maana kitu rahisi tunaita mteremko, kazi nyepesi mteremko, pesa ya haraka mteremko, halafu mtu anaupeleka huo msemo mlimani na mapaja yake.

Hebu sikia vile inaenda. Ukipanda, msuli wa mbele wa paja unajikaza ukifupika, unakusukuma juu. Ukishuka, ule ule msuli unajikaza huku unavutwa urefuke, kwa sababu kila hatua lazima ushikilie mwili wako na begi visianguke mbele. Yaani sasa umekuwa breki. Hiyo kazi ya kukaza huku unarefushwa ndiyo inachana nyuzi ndogo ndogo za msuli kuliko kazi ile nyingine. Wewe mtu wa Nakuru umepita Salgaa na Sachang'wan maisha yako yote, unajua lori haliogopwi likipanda. Linaogopwa likishuka na mzigo, na dereva mwenye akili anaweka gia ndogo mapema kabla breki hazijashika moto. Paja ni hivyo hivyo.

Kinachodanganya watu ni pumzi. Kushuka kunatumia hewa kidogo sana, moyo umetulia, unaongea na kucheka, kwa hivyo unaona kama unapumzika. Mapafu yanapumzika kweli. Mapaja hayapumziki, na hayakwambii siku hiyo. Yanakwambia kesho yake, na kesho kutwa ndiyo mbaya zaidi: Jumamosi umeshuka, Jumatatu asubuhi unaingia choo cha kuchuchumaa na unashika ukuta kwa mikono miwili. Na tafadhali mtu asiniambie ni asidi imebaki kwa misuli, hiyo asidi huwa imeondoka ndani ya saa moja hivi, haikungoji hadi Jumatatu.

Sasa habari nzuri, na hii ndiyo nataka wale wanne wasome mara mbili. Msuli ukishaumizwa hivyo mara moja, kidogo tu, unajipanga. Mara ya pili kwa mteremko ule ule maumivu yanapungua sana, na hiyo kinga inakaa wiki kadhaa. Ni mazoezi machache yanakupa faida hiyo kwa siku moja. Lakini haipatikani kwa kupanda, inapatikana kwa kushuka, sasa wewe unayepanda kila Jumamosi na kuteremka na boda umelipia nauli ya kutupa dawa. Nasikia Kisumu nao wanapanda Riat kwa miguu wanarudi Mamboleo na matatu. Watu wangu, hapana!

Halafu kuna wenye wanajibu, "lakini sisi tunashuka ndani ya kreta," yaani lile shimo la volkano la Menengai. Sawa, ni kitu kizuri, lakini angalia mpangilio wake. Ndani ya Menengai unaanza kushuka ukiwa na miguu mipya, na unamaliza kwa kupanda. Mlima wa kweli ni kinyume, unaanza kuteremka wakati miguu imeshakwisha. Kikundi chetu tunajiandaa kuvuka Mlima Elgon, tuanzie upande wetu wa Kenya kwa kilele cha Koitobos, mita 4,222, tupite kilele cha Wagagai kule Uganda, mita 4,321, tuteremkie Budadiri kwa njia inayoitwa Sasa. Huko mwishoni ni zaidi ya mita 2,000 kwenda chini, na kuna miamba ya Mudangi unashuka kwa ngazi, baada ya siku kadhaa za kulala kwa hema na kubeba begi. Hiyo miguu umeizoeza wapi? Ndiyo maana napenda Mlima Longonot, unapanda, unazunguka mdomo wote wa kreta kilomita saba na kidogo, halafu unashuka umechoka kwa lile vumbi linaloteleza. Hapo mtu anajijua.

Pahali ninasitasita ni magoti. Msuli wa paja naweza kukutengenezea, lakini nimeona mtu mwenye mapaja ya chuma analia goti upande wa nje akishuka, na mwingine mzito ambaye hajafanya mazoezi anateremka akiimba. Zamani nilikuwa nasema hatua fupi zitatibu kila goti. Sisemi tena. Maumivu yakirudi mahali pale pale mara tatu nakutuma kwa daktari wa viungo, na hata kama tumebakisha wiki moja twende, naomba ubaki. Kunyoosha misuli kabla ya kutembea pia nimelazimisha watu miaka mingi, na ukweli ni kwamba hakupunguzi hayo maumivu ya Jumatatu kwa kiasi cha maana, siku hizi anayetaka afanye.

Mengine ni haraka haraka. Hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, usiegemee nyuma maana ndivyo watu wanateleza. Fimbo mbili zinasaidia kweli, hata za mti. Kaza kamba za buti pale juu ya mguu kabla ya kuanza kushuka, vidole visigonge mbele, la sivyo kucha itakuwa nyeusi kabla ufike chini.

Jumamosi hii tunatoka Milimani tena, saa kumi na mbili kamili, kila mtu na lita tatu za maji na begi lenye uzito. Tunapanda bila kukimbia, tunakaa juu nusu saa, tunashuka kwa miguu hadi pale tulianzia. Shemeji, simu yako utanipa mimi nikushikie tukifika kwa kibao.