Msaada wa Chakula: Gunia au Fedha?

Msaada wa chakula wa bidhaa ni chakula chenyewe, yaani mahindi, maharagwe, mafuta na chumvi, ambacho hupimwa na kukabidhiwa kaya yenye kipato duni. Uhawilishaji fedha, istilahi iliyozoeleka Tanzania kupitia TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), ni kuipa kaya hiyo pesa na kuiachia uamuzi wa matumizi. Katikati ipo vocha, yenye thamani ya pesa lakini isiyonunua kingine ila chakula, tena kwa wafanyabiashara walioteuliwa. Ndivyo ilivyokuwa Bamba Chakula, ambayo WFP (Mpango wa Chakula Duniani) iliianzisha mwaka 2015 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nchini Kenya, salio likiingia kwenye simu.

Mahindi ya mgao hayawi ugali mpaka yasagwe, na mwenye mashine hutaka malipo. Ndiyo maana kambini akina mama huuza sehemu ya mgao mara tu baada ya kuupokea, ili wapate ada ya kusagia, kuni na fungu la mboga, na kwa kuwa majirani nao wanauza siku hiyohiyo, debe huenda kwa bei ya kutupa. Wapo wanaouita uuzaji huo ufujaji. Kwa maoni yangu, hiyo ni gharama ya kupewa kitu ambacho hukukichagua. Hofu ya upande wa pili, kwamba fedha zitaishia kwenye pombe, imechunguzwa katika nchi nyingi na kwa jumla haikuthibitika.

Udhaifu halisi wa fedha uko kwenye bei. Mpango wa Kenya wa kukabiliana na njaa katika kaunti kame, zikiwemo Turkana na Wajir, umekuwa ukilipa kaya shilingi 5,400 kila baada ya miezi 2. Pakiti ya unga ya kilo 2 ikiuzwa shilingi 100, kiasi hicho hununua pakiti 54. Ikifika 200, kama ilivyotokea mwaka 2022, hununua 27 tu, ilhali watoto mezani ni walewale. Gunia halipungui uzito kwa sababu ya mfumuko wa bei. Zaidi ya hayo, chakula kinacholetwa kutoka nje ya kijiji huongeza bidhaa sokoni: utafiti wa vijijini Mexico ulionyesha kuwa masanduku ya chakula yalishusha bei, hasa vijiji vya mbali, jambo linalomfaa mnunuzi na kumuumiza mkulima anayeuza.

Kwa hiyo uamuzi hutegemea soko zaidi ya tabia ya mpokeaji. Kabla ya kuchagua, maofisa hukagua maduka ya eneo husika na kuuliza mambo ya kawaida kabisa: yapo mangapi, yana akiba ya siku ngapi, barabara hupitika masika, na lori la mwisho la unga lilifika lini.